Baloji, mwana wa Lubumbashi: mutu wa filme mwenye jina linalotisha

Alizaliwa hapa kwetu mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mutoto mudogo. Akakuwa muimbaji, kisha mwenye kucheza mu filme na mwenye kuzitengeneza. Filme yake *Augure* ilipata zawadi ku Cannes mwaka 2023. Sisi wa kazi ya mine ku Kinsevere tuliitazama pamoja, na tangu siku ile mabishano hayajaisha, juu ilitugusa mu mambo ya kwetu wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, siku ile wazee wetu wangali wanaiita siku ya posho. Tulijikusanya mu lupango ya delege mumoja wa sendika, hapa ku Kinsevere, karibu kilometa 30 kaskazini ya Lubumbashi. Tulikuwa watu kumi na saba: wanaume wenye walitoka ku zamu ya mchana, bibi zao, na watoto wenye walikatala kwenda kulala. Televizyo iliwekwa juu ya meza, mbele ya mulango. Bukari ilikuwa imeisha kuliwa. Kamarade mumoja alikuwa ametuletea filme yenye tulikuwa tunaisikia ku redio tangu muda murefu.

Jina la mwenye kuitengeneza likatokea. Mama mumoja akaweka sahani chini.

"Baloji? Njo jina yake ya kweli? Nani alimupa jina ya vile?"

Watu wakacheka, lakini haikuwa cheko ya furaha sana. Mu Swahili yetu, muloji ni mutu mwenye kuloga, na baloji ni wao wakiwa wengi. Neno hilo hatulisemi ovyo. Kama uko ku kilio na mutu analitamka, kila mumoja anaangalia chini na anaanza kujiuliza: wanamusema nani?

Sisi si watu wa sinema. Kalamu yetu imezoea kuandika barua za kuomba mishahara ya nyuma, vifaa vya usalama, na kontrat zenye kueleweka. Lakini tuliona kama maisha ya mutu huyu na kazi yake vinatuhusu kuliko filme nyingi zenye zinapita ku televizyo zetu. Tuliona tena kama wasomaji wa Lubumbashi wanapashwa kumufahamu mwana wa muji wao. Njo maana tunaandika.

Kutoka Lubumbashi mpaka Liège

Jina lake lote ni Serge Baloji Tshiani. Wakati alizaliwa, inchi iliitwa Zaïre na jimbo letu liliitwa Shaba. Mwaka ule wa 1978 njo mwaka wa vita ya Kolwezi, yenye wakubwa wetu hawawezi kuisahau. Baba yake alikuwa mutu wa biashara. Mutoto alipokuwa na karibu miaka mitatu, baba akamupeleka Ubelgiji. Mama akabaki hapa. Tangu pale mawasiliano kati ya mama na mutoto yakakatika, na ikapita miaka zaidi ya makumi mawili.

Jambo hilo si geni kwetu. Mu kila kalasi ya masomo ya hapa kuna mutoto mwenye analelewa kwa shangazi, kwa nkambo ao kwa bibi mwengine wa baba yake. Anaambiwa tu kama "mama yako iko mbali". Tofauti ni kama Baloji alikomea mbali kabisa, mu inchi ambako hakuna jirani wa kumuambia mama yako anafanana namna gani.

Alikomea Liège. Muji ule na pembeni zake waliishi kwa makaa ya mawe na kwa viwanda vya chuma, na wakati Baloji alikuwa anakuwa kijana, mine zilikuwa zimefungwa na viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Mutoto alitoka mu muji wa shaba, akaangukia mu muji wa chuma, na miji yote miwili ilikuwa inashuka wakati mumoja. Wazee wetu wa Likasi wangeweza kukaa na wazee wa Liège na kuelewana vizuri bila mutafsiri.

Kule njo alianza rap mu Kifaransa, mu kikundi chenye kilijulikana sana mu Ubelgiji kwa jina la Starflam. Album yao *Survivant* ya mwaka 2001 ilisikilizwa na vijana wengi. Kisha akaacha kikundi. Akafikiri hata kuacha muziki kabisa.

Barua ya mama

Yenye ilimurudisha ilikuwa barua. Kisha miaka ile yote, mama yake wa kumuzaa alimuandikia kutoka Congo. Yeye mwenyewe ameeleza mara mingi kama barua ile ilipindua maisha yake. Jibu lake lilikuwa album nzima, *Hotel Impala*, yenye ilitoka mwaka 2007. Mule anamueleza mama namna aliishi, namna alikuwa, na kile alikosa. Jina Impala ni la hoteli yenye baba yake alikuwa nayo Katanga mbele ya magumu ya miaka ya 1990 kupita juu yake.

Kuanzia pale Baloji akaanza kurudi Congo. Mwaka 2010 ikatoka *Kinshasa Succursale*, album yenye aliifanya Kinshasa pamoja na wanamuziki wa kule. Mu ile album kuna wimbo wenye alichukua kwa Grand Kallé, *Indépendance Cha Cha* ya mwaka 1960, akaupatia maneno mapya na jina la Swahili: *Siku ya baadaye*. Mwaka 2010 inchi ilikuwa inafanya sikukuu ya miaka 50 ya uhuru. Wakati wengine walikuwa wanaimba sifa, yeye alikuwa anauliza siku yenye inafuata uhuru ilituletea nini. Sisi wa sendika, swali kama hilo tunalibeba kila siku ya mushahara.

Mwaka 2015 akatoa kazi fupi yenye jina *64 Bits and Malachite*. Kila mukrezeri wa hapa anajua malachite: njo jiwe la majani mabichi lenye linaonyesha kama shaba iko karibu. Mwaka 2018 ikafuata *137 Avenue Kaniama*. Jina hilo ni adresi ya Lubumbashi, adresi ya upande wa mama yake. Fikiri kidogo: album yenye watu wananunua London na Paris, na ku ganda lake kuna namba ya lupango ya Lubumbashi.

Hapa tunapashwa kuondoa mukanganyo mumoja, juu tuliusikia mu bisi ya wafanyakazi. Kuna Baloji wawili. Wote wawili walizaliwa Lubumbashi, wote wawili mwaka 1978. Mwengine ni Sammy Baloji, mupiga picha. Yeye njo alitengeneza picha za *Mémoire*, ambamo wafanyakazi wa zamani wa Union Minière wanasimama mbele ya viwanda vilivyokufa. Mwaka 2008, pamoja na wenzake, alianzisha hapa mu muji mikutano ya sanaa inayoitwa Picha. Mutu wa filme yenye tunasemea hapa ni Serge. Tusiwachanganye, lakini tufurahi kama muji mumoja na mwaka mumoja vilitupatia wote wawili.

Mutu asiye na shule ya sinema

Baloji hakusoma shule ya sinema. Alijifunza kwa kutengeneza video za nyimbo zake mwenyewe: kuchagua mavazi, rangi, pahali, na namna watu wanatembea mbele ya kamera. Kisha video zikawa filme fupi. *Kaniama Show* ilitoka mwaka 2018, na *Zombies*, yenye ilipigwa Kinshasa, ikatoka mwaka 2019. Muda huo aliendelea kuandika filme ndefu na kuomba makuta ya kuzitengeneza. Amesema waziwazi kama milango mingi ilifungwa. Mutu wa muziki, bila diploma ya kazi ile, tena mutu mweusi mwenye kuandika mambo ya Congo: wenye kutoa makuta hawakumuamini haraka.

Jambo hilo lilieleweka mu lupango yetu bila maelezo. Kuna watu kwetu wenye wanafanya kazi ya fundi wa umeme miaka kumi na wanalipwa kama wasaidizi, juu karatasi ya shule inakosa.

Mbele ya filme yake kubwa, tulimuona akicheza mu filme ya mutu mwengine. *Binti*, ya Frederike Migom, ilitoka mwaka 2019. Baloji ni baba Mucongo anayeishi Ubelgiji bila karatasi, pamoja na binti yake wa miaka kumi na miwili mwenye anapenda kujipiga video na kuzionyesha watu. Mutoto yule ni binti yake wa kweli, Bebel Tshiani Baloji. Ni filme ya watoto, yenye kuchekesha, lakini woga wa polisi unaingia mu nyumba kila mara. Tunaisifu juu ya jambo moja: baba yuko pale. Anakosea, anadanganya, anaogopa, lakini hamuachi mutoto wake. Mutu mwenye alitengwa na mama yake akiwa mudogo alichagua kucheza baba mwenye hakubali kutengwa na mutoto.

Kisha ikakuja *Augure*. Yeye mwenyewe ameeleza kama aliiandika kisha lufu ya baba yake. Ilipigwa Kinshasa na hapa Lubumbashi. Mu mwezi wa tano wa mwaka 2023 ilionyeshwa ku festivali ya Cannes, mu Ufaransa, mu sehemu inayoitwa Un Certain Regard, na ikapata zawadi ya sauti mupya. Ubelgiji ukaichagua kuwakilisha inchi ku zawadi za Oscar za Marekani za mwaka 2024. Haikufika mu zile tano za mwisho, lakini kuchaguliwa kwenyewe si kitu kidogo: mutu aliyezaliwa Lubumbashi, na filme yenye watu wanasema Kifaransa, Swahili na Lingala.

Wakubwa wetu walikomea na Mufwankolo na kikundi chake, wenye walicheza michezo mu Swahili ya Lubumbashi ku redio na ku televizyo. Walizoea kusikia Swahili yetu ikichekesha watu. Mu *Augure*, Swahili hiyo inalia, inatukana, inaomba, na watu wa Cannes wanakaa kimya kuisikiliza.

"Baba iko ku mine"

Hadisi ya filme ni hii. Koffi ni mwana wa Congo mwenye anaishi Ubelgiji. Bibi yake, Alice, muzungu, ana mimba. Koffi anataka kurudi kwao kuleta mahari na kumuonyesha baba bibi yake, kama desturi inavyotaka. Lakini alizaliwa na alama ku uso, na anapata kifafa. Juu ya ile alama, jamaa walimuita mwana wa shetani tangu utoto, na mama yake mwenyewe hakumutaka. Mwenye kucheza Koffi ni Marc Zinga, na yeye pia ni mwana wa kwetu: alizaliwa Likasi mwaka 1984. Mwaka 2013, kule Ufaransa, alicheza Lumumba mu mchezo wa Aimé Césaire. Alice ni Lucie Debay. Mama Mujila, mama ya Koffi, ni Yves-Marina Gnahoua. Dada yake Tshala ni Eliane Umuhire, mwenye alitoka Rwanda.

Siku Koffi anafika, jamaa wote wamekusanyika. Wanamupa mutoto muchanga wa dada yake amubebe. Damu inamutoka ku pua, inaanguka juu ya mutoto. Makelele! Hapo hapo wanamukamata, wanamupeleka ku maombi ya kumuondolea pepo, wanamuvalisha kisura cha mbao na wanagonga misumari juu yake wakati kichwa chake kiko ndani. Mu lupango yetu, pale hakuna mwenye alicheka. Mama mumoja alisema tu: "Nilionaka vile." Hakuna mwenye alimuuliza ni wapi.

Filme haibaki kwa Koffi peke yake. Inaonyesha watu wane, na wote wamepewa jina la ulozi kwa namna yao. Kuna Tshala, juu anaishi namna anataka. Kuna Paco, kijana wa barabarani mwenye kuongoza kikundi cha wenzake, wanavaa nguo za rangi ya waridi kama za wanawake wachezaji, na anaombolezea dada yake aliyekufa. Na kuna Mama Mujila, mwenye tulimuchukia mwanzo mpaka katikati. Mwishoni tunaelewa kama yeye pia aliitwa muloji mbele ya kuita mutoto wake vile. Ku mwisho wa filme, wanaume wa lupango walikuwa wanamusikitikia yule mama. Baloji alifanya tena muziki wa kila mumoja wa wale wane, kila mutu na sauti yake.

Na baba? Kila mara Koffi anamuulizia baba yake, jibu ni moja: yuko ku mine. Koffi na Alice wanaenda kumutafuta kule kule. Hawamupati. Filme nzima, baba ni mutu anayesemwa lakini haonekani.

Hapo kamarade mumoja mwenye mvi, aliyefanya kazi Gécamines mpaka mwaka 2003, akasema: "Huyu mwenye kutengeneza filme, nani alimuambia mambo yetu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, watu walisema kama kazi njo baba, njo mama. Sosyete ilitoa nyumba, posho, masomo, hospitali. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa kitu kidogo na wakatumwa nyumbani, mu ule mupango wenye uliitwa wa kuondoka kwa kupenda. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Universite ya Lubumbashi, ameandika kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, na mu jina la kitabu anawaita wana Shaba walioachwa na baba yao. Baba wa nyumba alikuwa ku mine, baba mukubwa alikuwa sosyete, na siku moja wote wawili hawakuonekana tena.

Leo sosyete zimekuwa mingi, na zenye kufanya kazi ndogo ndogo chini yao ni mingi zaidi. Baba anatoka saa kumi ya asubuhi, anarudi usiku. Wengine wanakaa ku kambi majuma mawili, matatu. Muulize mutoto wa hapa baba yake yuko wapi, utasikia jibu lile la filme.

Lufu moja, mutoto mumoja

Sasa tunafika ku jambo lenye lilitufanya tuandike. Tulifikiri sana mbele ya kulisema, na majina yote tunayaacha.

Miezi michache mbele ya ile Jumamosi, mwenzetu mumoja alikufa ku kazi. Kamyo ilirudi nyuma usiku na ikamukanyaga. Alikuwa mutu wa sosyete moja ndogo yenye kufanya kazi chini ya nyingine. Ku kilio, siku ya pili, maneno yakaanza. Mu nyumba ya marehemu mulikuwa mutoto wa ndugu yake, wa miaka tisa. Mutoto yule alikuwa anakojoa ku kitanda, anasema peke yake usiku. Wiki ile alikuwa ameota ndoto na akaieleza: alimuona baba mudogo ameanguka. Ilitosha. Wazee wakakaa, wakasema. Mutoto akapelekwa ku nyumba ya maombi, akalala kule majuma matatu, wakimufungisha kula ili "aseme".

Na sisi wa sendika? Tulikuwa pale. Tulikuwa tumeleta mchango, tulikuwa tumekaa ku viti, tulisikia yote. Tukasema: haya ni mambo ya jamaa. Wengine kati yetu, tusidanganye, waliamini.

Lakini tulikuwa tunajua jambo lingine. Mu kitabu cha zamu cha kikosi kile, wadereva walikuwa wameandika mara mbili kama kengele ya kurudi nyuma ya ile kamyo haisikiki. Tarehe ziko, sahihi ziko. Hakuna mutu aliyeitengeneza. Ile kitabu sisi tuliiona kwa macho yetu. Tukaiweka kwa ajili ya mazungumzo na wakubwa wa kazi, tukasahau kama kuna mutoto wa miaka tisa mwenye analipa lufu ile mu nafasi ya kengele.

Usiku ule wa filme, wakati misumari inagongwa ku kisura, mujane wa marehemu alikuwa pamoja na sisi. Alisimama, akaingia mu nyumba. Wanawake wakamufuata. Kesho yake alienda ku nyumba ya maombi pamoja na bibi wawili wa wafanyakazi na delege mumoja, na wakamutoa mutoto.

Hatusemi kama filme ilifanya muujiza. Shangazi ya mutoto alikuwa amekwisha kulia juu ya jambo lile, na mujane hakulala vizuri tangu siku ya kwanza. Lakini mbele ya filme, hakuna mwenye alikuwa na njia ya kufungua kinywa. Kisha filme, watu walisema Koffi, walisema Mama Mujila, na kila mutu alielewa ni nani anasemwa.

Delege akachukua ile kitabu cha zamu, akaenda kuisoma mbele ya wazee wa jamaa. Aliisoma polepole, mara mbili. Muzee mumoja akauliza: "Walijua kama ile kamyo ni mubaya?" Akajibiwa: walijua. Akanyamaza murefu. Kisha akasema: "Basi muloji iko na sahihi."

Sheria inasema nini

Wasomaji wengi hawajui kama jambo hili lina sheria. Katiba ya mwaka 2006, mu artikle 41, inakataza kumuacha mutoto, kumutesa, na kumusemea ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kulinda mutoto, inaenda mbali zaidi. Artikle yake ya 160 inasema kama mwenye kumushitaki mutoto ulozi anaweza kufungwa mwaka mumoja mpaka mitatu, na kulipa amende ya franga 200,000 mpaka milioni moja. Haisemi muchungaji, haisemi mujomba, haisemi nkambo: inasema mutu yeyote.

Na upande wa kazi, Kode ya kazi ya mwaka 2002 inataka mahali pa kazi pawe na kamati ya usalama na usafi. Mufanyakazi anayeandika kama mashini ni mubovu hafanyi uasi, anafanya kazi yake. Kama kuna ajali, ikatafutwe kwanza mu karatasi na mu mashini. Tukiona ulozi mbele ya yote, mwenye kosa analala vizuri.

Yenye hatukukubaliana

Si kila mutu alipenda filme. Wengine walisema ni ya kuchanganya: mavazi mengi, ndoto nyingi, hujui kama uko Kinshasa ao Lubumbashi. Ni kweli, muji wa filme hauna jina, na Baloji alitaka vile. Mama mumoja alisema wazungu watatazama na watasema Mucongo ni ulozi tu. Kijana mumoja akamujibu kama yule muzungu Alice hachekeki na haokoi mutu. Anakaa na anajifunza.

Sisi tuna lalamiko letu. Mine tunaiona mu filme, lakini mufanyakazi wa mine hatumusikii. Baba amekosekana, na tunaelewa juu ya nini mwenye kuandika alimuacha vile, maana na yeye alipoteza baba. Lakini yule baba angekuwa na maneno ya kusema: juu ya nini hakurudi, nani alimuzuia, walimulipa ngapi. Kama siku moja Baloji atapita hapa, njia ya Kinsevere si ndefu kutoka mujini. Tutamuwekea kiti na tutamuleta watu wenye wataeleza upande ule.

Juu ya jina lake, yeye ameeleza kama zamani, mbele ya wamisionere, neno baloji halikuwa baya: lilikuwa la watu wenye elimu, wenye kujua. Kisha ikageuzwa kuwa tusi. Angeweza kulibadilisha, kama vile wasanii wengi wanajitafutia jina lenye kupendeza. Hakulibadilisha. Aliliandika ku ganda la album, kisha ku mwanzo wa filme, kwa herufi kubwa, mpaka watu wa Cannes wakalitamka bila kuogopa.

Mutoto wa hadisi yetu amerudi ku masomo, mu mwaka wa ine wa primere. Anakaa kwa shangazi yake, na angali anaamka usiku. Jamaa wengine hawajamusalimia. Faili ya baba yake mudogo iko mbele ya wenye kusimamia kazi, pamoja na kopi ya kitabu cha zamu. Tangu pale, mu mukutano wa sendika tuliandika kanuni moja: kila wakati mufanyakazi anakufa, delege anakwenda ku kilio siku ya kwanza, mbele ya maneno kuanza, na anaeleza jamaa kile kinajulikana juu ya ajali. Mara moja tumekwisha kuifuata. Ku kilio kile, hakuna mutoto mwenye alitajwa.